Umevaa, lakini bado unaumia: kutafuta kasoro ya vifaa vya kujikinga kazini

Mwongozo huu ni wa foromani, fundi, saidia fundi na mwenye karakana hapa Unguja na Pemba ambaye vifaa anavyo, watu wake wanavivaa, na bado macho yanawasha, mikono inababuka na vifua vinabana. Likitokea hilo, lawama humwendea mfanyakazi: mkaidi, hajali, hajui thamani ya afya yake. Mimi naanza upande wa pili. Mtu anayevua barakoa saa nne asubuhi ana sababu ya kuivua, na ukiitafuta utaikuta kwenye kifaa chenyewe, kwenye kipimo chake, au kwenye namna kazi ilivyopangwa.

Jambo moja lishikwe kabla ya dalili yoyote. Kifaa cha kuvaa ni kinga ya mwisho. Kwanza uliza kama hatari yenyewe inaweza kuondolewa, au kuzuiwa pale pale inapotokea. Kwa hiyo ikiwa dawa ya kweli ni maji, ukingo wa mbao au kubadilisha saa za kazi, nitasema hivyo, hata kama dukani kuna kifaa kinachouzwa.

Dalili: ukivua barakoa, vumbi limo ndani

Mwambie fundi aliyekata marumaru (vigae vya sakafu na ukuta) au matofali tangu asubuhi avue barakoa mbele yako, umtazame usoni. Barakoa iliyokaa sawasawa huacha mstari: nje ya ukingo vumbi jeupe, ndani ya ukingo ngozi safi. Ukiona mchirizi wa vumbi unaoshuka kando ya pua kuelekea mdomoni, hewa ilikuwa ikipita hapo. Mchirizi ukiwa shavuni, mikanda ilikuwa imelegea. Ukiwa kidevuni, barakoa ni ndogo au kubwa kwa uso huo. Mtazame kabla hajanawa, maana uso ndio unaokuonyesha pa kurekebisha.

Sababu ninayoikuta zaidi ni kile kibati cha puani. Mtu hukibana kwa vidole viwili vya mkono mmoja, kikaota ncha juu ya pua na kuacha matundu mawili pembeni. Tumia mikono miwili, anza katikati, shuka huku na huku mpaka kifuate umbo la pua. Halafu mikanda: wa juu ukae juu ya kisogo, wa chini ukae shingoni chini ya masikio. Wengi huirundika yote shingoni ili isivuruge kofia au ushungi. Mwanamke aliyejifunga ushungi anaweza kupitisha mikanda juu ya kitambaa bila tatizo, ilimradi kitambaa kisiingie chini ya ukingo wa barakoa usoni. Mkunjo mmoja hapo unatosha kupitisha vumbi.

Kila ukivaa, jaribu: funika barakoa kwa viganja viwili, pumua nje kwa nguvu. Hewa ikikupiga machoni rudi kwenye kibati, ikikupiga mashavuni rekebisha mikanda. Yenye vali ijaribu kwa kuvuta pumzi ndani. Inatakiwa inywee kidogo kuelekea usoni.

Kisha ndevu. Barakoa inayotegemea kubana uso haizibi juu ya ndevu, iwe FFP2 au FFP3 (madaraja ya barakoa za vumbi) au ile ya mpira yenye vichujio, hata ukinunua ya bei kubwa kuliko zote. Hapa kwetu wanaume wengi wamefuga ndevu kwa ajili ya dini, na kumwambia mtu achague kati ya ndevu zake na riziki yake ni uonevu, tena usio na haja. Zipo kofia pana za kupulizia hewa: feni ndogo inayofungwa kiunoni husukuma hewa iliyochujwa mpaka usoni, na hazihitaji kubana ngozi. Ni ghali, nakubali. Kwa kampuni inayojenga hoteli, gharama hiyo si ya kuishinda. Kwa karakana ndogo, mpe kazi iliyo mbali na vumbi, au ondoa vumbi lenyewe.

Na kuliondoa kunawezekana kuliko watu wanavyodhani. Marumaru nyingi hukatwa vizuri kwa mashine ya mkono, ile ya kuchora mstari na kuvunja, ambayo vumbi lake ni kidogo sana. Kwa matofali na granaiti tafuta mashine iliyoundwa kukata kwa maji. Usimwagie maji grainda ya kawaida ya umeme: utakuwa umeepuka vumbi ukaufuata umeme. Na usifagie vumbi kavu jioni. Nyunyiza maji kwanza.

Ninalisisitiza hili kwa sababu mchanga, zege, granaiti na marumaru vina silika. Chembe zake ndogo hufika mwisho kabisa wa mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na huchukua miaka kujitokeza, wakati ambapo mtu ameshahama kazi na hakuna wa kumuuliza. Jiwe letu la matumbawe lina silika kidogo, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni kalsiamu kaboneti, lakini nyumba za leo hazijengwi kwa jiwe hilo peke yake.

Angalia pia aina ya barakoa. FFP2 huchuja angalau asilimia 94 ya chembe za majaribio, N95 asilimia 95, FFP3 asilimia 99. Takwimu hizo ni za chujio. Hewa inayopita pembeni haimo katika hesabu hiyo. Barakoa ya buluu ya hospitali haibani uso, na kitambaa kilichofungwa puani hakichuji chembe zinazoua.

Dalili: barakoa imekaa vizuri, lakini harufu inaingia

Chujio la vumbi halizuii mvuke. Anayepiga rangi ya spreyi au vanishi kwenye milango anahitaji barakoa ya mpira yenye chujio la gesi, na aina hutambulika kwa rangi ya ukanda wake: kahawia kwa mvuke wa thina na petroli, kijivu kwa gesi kama klorini, njano kwa salfa dioksidi, kijani kwa amonia, nyeupe kwa vumbi. Mpiga spreyi achukue kahawia pamoja na nyeupe. Mhudumu wa bwawa la kuogelea hotelini anayeshika klorini achukue kijivu. Kumpa kahawia ni kumpa kitu kisichomfaa kwa gesi ile.

Chujio likiwa ni sahihi na harufu bado inapita, ama ukingo haujaziba, ama chujio limekwisha. Hapa petu huisha upesi kwa sababu moja ninayoiona kila karakana: barakoa hutundikwa msumarini, wazi, usiku kucha, chujio likiendelea kunywa mvuke wa thina na unyevu wa hewa. Iweke ndani ya kopo lenye kifuniko kinachobana na uandike tarehe uliyolifungua. Lakini usitegemee pua kwa kila kitu. Rangi za magari za kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha rangi) mara nyingi zina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo zinaweza kumletea mtu pumu ya kudumu kabla hajasikia harufu yoyote. Kazi hiyo inataka barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba la mpira kutoka nje ya chumba.

Dalili: miwani inaota ukungu, mtu anaivua

Anza na barakoa, si miwani. Pumzi yenye joto inayopanda kando ya pua ndiyo inayotia ukungu, kwa hiyo miwani yenye ukungu ni ushahidi wa pili kwamba kibati cha puani hakikubanwa. Hilo likishatengemaa na ukungu bado upo, chagua miwani yenye matundu yaliyofunikwa pembeni, na kioo kilichopakwa dawa ya kuzuia ukungu. Msimu wa kaskazi jasho huwa jingi. Kitambaa cha paji la uso husaidia. Kioo kilichochubuka kitupwe: mtu asiyeona vizuri ataivua hata ukimsimamia.

Kwa chokaa, miwani ya kawaida iliyo wazi pembeni haitoshi. Mafundi wanaokarabati nyumba za Mji Mkongwe hufanya kazi na chokaa siku nzima, na chokaa ikiingia jichoni inaendelea kuunguza mpaka itoke. Vaa miwani inayoziba pande zote. Kabla ya kufungua mfuko, hakikisha mfereji (bomba la maji) uko karibu au ndoo ya maji safi iliyofunikwa. Ikiingia, fungua kope kwa vidole, mimina maji dakika 20 bila kusita, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Usingoje gari kwanza, maji kwanza.

Dalili: macho yanawaka usiku

Fundi wa kuchomelea amerudi nyumbani mzima. Usiku wa manane anaamka, macho kama yametiwa mchanga, machozi hayakatiki, taa haiwezi kuitazama. Mwangaza wa umeme wa kuchomelea umeunguza uso wa jicho, na maumivu huchelewa kwa saa 6 hadi 12, ndiyo maana wengi hawayahusishi na kazi.

Sababu kubwa ni miwani ya jua. Ni nyeusi, inapunguza ukali wa mwanga, mtu anajiona salama. Kwa kuchomelea kwa umeme kioo kinatakiwa kiwe namba 10 hadi 13 kulingana na ampia, yaani nguvu ya mkondo wa umeme. Kwa kukata kwa gesi namba 3 hadi 6. Miwani ya jua haikaribii hata hapo. Ikiwa anavaa ngao kamili na bado anaumwa, kagua kioo kama kina ufa. Kisha angalia nyuma yake: ukuta uliopakwa chokaa nyeupe au bati jipya linalong'aa hurudisha mwanga kutoka mgongoni ukaingia ndani ya ngao.

Halafu mtazame saidia fundi anayeshika chuma. Huyu mara nyingi hana chochote, anageuza uso tu. Na watoto wanaotoka skuli wakasimama kutazama cheche. Karakana nyingi zetu ziko ukingoni mwa barabara, kwa hiyo pazia zito au bati la kukinga upande wa njia ni sehemu ya vifaa vya kazi kama ilivyo ngao. Mara nyingi jicho hupona kwa siku moja au mbili, lakini nenda ukaangaliwe. Kutia maziwa au kubandika kiazi kilichokatwa kunapeleka vijidudu kwenye jicho lenye kidonda.

Kuna jingine la usiku: baridi, homa, viungo kuuma na ladha ya chuma mdomoni, kwa mtu aliyechomelea mabomba au mabati yaliyopakwa zinki. Anakwenda kupima malaria, hakuna. Homa hiyo huondoka yenyewe kwa siku moja au mbili, lakini maana yake ni kwamba amevuta moshi wa zinki. Asage zinki ya pale anapochomelea kabla ya kuanza, naye akiwa na barakoa ya vumbi, kisha afanye kazi nje upepo ukimtoka ubavuni. Mwambie daktari alikuwa anachomelea nini. Kifua kikibana sana au homa isipoondoka, arudi hospitali.

Dalili: mikono inababuka ndani ya glavu

Saruji ikichanganywa na maji hupanda hadi pH ya 12 na zaidi, yaani ukali wa alikali unaobabua ngozi, na kuungua kwake hakuumi papo hapo. Maumivu huja baada ya saa kadhaa. Glavu ya kitambaa hulowa ikaishikilia saruji kwenye ngozi. Tumia za mpira au naitraili. Kama ni za mpira na bado ngozi inachanika, zipindue. Utakuta saruji imeingia pamoja na mkono: mtu amevua, ameshika koleo, amevaa tena bila kunawa. Anayefanya kazi mikono ikiwa juu akunje pindo la glavu kwa nje, maji yasishuke kwenye mkono. Gambuti nazo ni hivyo hivyo. Zege likiingia juu, vua hapo hapo uoshe mguu.

Vipele vinavyorudi kila akigusa saruji, hata kidogo, ni jambo zito zaidi. Huenda ni mzio wa kromiamu iliyomo kwenye saruji, na mzio huo mara nyingi haumtoki mtu maishani. Huyo anahitaji daktari na kazi nyingine. Glavu mpya hazitamsaidia.

Na pale ambapo glavu zenyewe ndizo hatari: mashine ya kukereza mbao na drili ya kusimama. Kidole cha glavu kikishikwa, mkono mzima unafuata. Hapo mikono iwe mitupu, mikono ya shati ibane, na kanzu isubiri.

Dalili: masikio yanalia jioni

Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mita moja akusikie, kelele imeshafika karibu desibeli 85, kiwango kinachovumilika kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka muda hukatika nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 100 kwa dakika 15 tu. Grainda huweza kufika hapo. Vizibo vya sponji vinavyoning'inia nusu nje havikingi. Visokote vyembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia nusu dakika mpaka kivimbe.

Dalili: kofia ngumu inaanguka kila akiinama

Mwombe aivue. Mara nyingi chini yake kuna kofia ya mkono iliyodariziwa, au kilemba, na kwa hiyo kofia ngumu imekalia kitambaa badala ya kichwa. Nafasi iliyopo kati ya ganda na mikanda ya ndani ndiyo inayomeza pigo. Kitu kikijaa humo, pigo linafika kichwani. Kitambaa chembamba kinachobana, au ushungi uliolazwa bila fundo, hauna tatizo. Kaza gurudumu la nyuma, funga mkanda wa kidevuni. Ganda lililopauka kwa jua, lenye ufa, au lililowahi kupigwa libadilishwe hata kama linaonekana zima. Usilifute kwa thina. Ndani yake tafuta alama ya mwaka na mwezi wa kutengenezwa. Ikiwa haina alama yoyote, hiyo ni kofia ya sura tu.

Dalili: mkanda wa kuzuia kuanguka umefungwa, lakini haumkingi

Piga hesabu ya urefu. Kamba ya mita 2, kifyonza mshtuko kinachofunguka hadi mita 1.75, mita 1.5 kutoka ndoano ya mgongoni hadi miguuni, na mita 1 ya akiba. Jumla ni mita 6.25 kutoka pale ulipofunga hadi chini. Aliyesimama kwenye sakafu ya ghorofa ya kwanza na kufunga karibu na miguu yake atafika chini kabla kamba haijamzuia. Kwa kazi nyingi za nyumba zetu, ukingo imara wa mbao pembeni ya jukwaa unakinga watu wengi zaidi kwa bei ndogo zaidi.

Pa kufungia napo pawe pa kuaminika: panahitaji kuhimili kilonewtoni 12, karibu uzito wa kilo 1,200. Boriti ya jukwaa iliyofungwa kwa kamba haifiki. Chumvi ya bahari hula ndoano, jua hukausha utepe. Ukiukunja na ukaona nyuzi zimekatika, utupe. Na awepo mtu anayejua jinsi ya kumshusha aliyening'inia, kwa sababu anaweza kupoteza fahamu kwa dakika chache tu.

Wachumaji karafuu wa Pemba wananiuliza kuhusu mikanda hii. Tawi la mkarafuu hukatika upesi, na mkanda uliofungwa kwenye tawi linalokatika unashuka na mtu wake. Kama mkanda unatumika, kamba izungushwe shinani au kwenye tawi kuu. Kwa matawi ya nje, ngazi iliyofungwa vizuri na fito yenye kigoe vinamweka mtu karibu zaidi na shina.

Dalili: ifikapo adhuhuri, kila mtu amevua kila kitu

Hili ni joto. Ovaroli nzito, glavu na barakoa katika unyevu wa Februari huupandisha mwili joto bila jasho kupata pa kukaukia. Kazi zinazohitaji mavazi mazito zianze baada ya alfajiri na ziishe kabla ya jua kukaza. Mchana fanyeni za kivulini. Katika Ramadhani ratiba hii si hiari, kwa kuwa mfungaji hawezi kunywa maji kazini. Anayeanza kuchanganyikiwa au kuzungumza yasiyoeleweka awekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, apelekwe hospitali mara moja. Mgonjwa ameruhusiwa kufungua.

Dalili: vifaa vinatumika mpaka vinaoza

Uliza ni nani anayelipa. Mfanyakazi anayekatwa mshahara kwa kila glavu atavaa iliyotoboka, na hapo kosa si lake. Zanzibar ina sheria yake ya usalama na afya kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, tofauti na ile ya Bara, na Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Nimewaona vibarua wakidaiwa fedha za gambuti kabla ya kulipwa ujira wa wiki ya kwanza. Huo ni ubaya, na unawafundisha kuficha kifaa kilichoharibika.

Weka daftari dogo stoo. Mtu akileta barakoa iliyoziba au glavu iliyochanika, mpe mpya siku hiyo hiyo, uandike tarehe na kazi aliyokuwa akifanya. Baada ya miezi miwili daftari litakuonyesha ni kazi ipi inayomaliza barakoa kuliko nyingine, na hapo ndipo pa kupeleka mashine ya kukatia kwa maji kwanza.